GB Arobaini na Tano Zisizo na Mwenyewe

Itangazwe kwa wananchi wote, kuanzia mpaka wa Zambia hadi vilima vya Ileje, kwa wafanyabiashara wa Mlowo na wachimba dhahabu wa Mkwajuni, ya kwamba asubuhi ya Ijumaa, mara baada ya uji, Inspekta Andongwisye alilipokea rasmi jalada la kesi ya kwaya ya shule, na kwamba mhalifu, awe nani na awe wapi, siku zake zilikuwa zimehesabiwa.

Tangazo hilo lilitolewa kutoka kitanda cha juu, bwenini, mbele ya wasikilizaji wanne, na wawili kati yao walikuwa wakitafuta soksi. Inspekta mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Cheo chake cha kweli kilikuwa kiranja wa chumba cha kompyuta, mshika ufunguo. Hicho cha Inspekta alijipa muhula uliopita, baada ya kupeleleza kwa wiki nzima nani alikuwa akimega mkate wa mwalimu wa zamu. Aligundua kuwa ni paka. Paka hakukata rufaa.

Safari hii hakukuwa na paka. Alasiri ile bodi ya nidhamu ingekaa, na ikiisha kukaa, Ombeni wa kidato cha nne, mwimbaji wa besi na katibu wa kwaya, angefukuzwa shule wakati mtihani wa taifa umebakiza wiki chache. Baba yake, Mzee Kasiani, mkulima wa kahawa wa Mbozi, alikuwa ameshafika. Aliketi kwenye benchi nje ya ofisi akiwa amevaa koti lake la kanisani, na tranka la mwanawe lilikuwa limesimama kando ya goti lake, limefungwa kamba. Kila aliyepita alimwamkia, naye aliitikia kila mmoja bila kumtazama.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao, unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye deni, na kwaya ya shule ilirekodi nyimbo zake kwa video ili diski ziuzwe na shule ipate jenereta. Mpiga picha, Abdulrahim wa mjini Tunduma, alitoa DVD tatu za picha zote alizopiga. Sharti lake lilikuwa moja: shule izinakili kwenye kompyuta yake, kisha imrudishie DVD zake siku ya Jumatatu, kwa sababu zilikuwa za aina inayofutika na yeye alikuwa na harusi za kupiga. Ombeni alipewa kazi hiyo. Jumapili aliingia chumba cha kompyuta, Jumatatu akazirudisha DVD kwa mwenyewe. Jumanne zilipotafutwa picha kwenye kompyuta, hazikuwepo, na DVD kule mjini zilikuwa zimeshafutwa na kujazwa harusi ya watu wengine.

Ombeni alijitetea kwa sentensi moja na hakuibadilisha hata alipopigiwa kelele: kompyuta ilimkatalia, ilisema nafasi haitoshi. Mwalimu Lusubilo, ambaye alifundisha jiografia na kukabidhiwa kompyuta baada ya kuhudhuria semina, alisema huo ni uongo wa mchana. Diski ya kompyuta ile ilikuwa ya GB themanini. Yeye mwenyewe alikuwa amejumlisha mafolda yote yaliyomo na kupata ishirini na tisa. Kuna shamba zima tupu humo, alisema. Kijana alinakili, akauza nakala mjini, kisha akafuta. Na kama kuna aliyebisha, Mwalimu Lusubilo alikuwa ameiona kwaya ya shule kwa macho yake siku ya Jumatano, ikiimba kwenye televisheni ya duka moja karibu na mpaka.

Hayo ndiyo Inspekta aliyoyapinga mbele ya Madam Tulinagwe, mwalimu wa nidhamu, mwanamke mrefu asiyependa kurudia neno. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akampa ruhusa ya kwenda mjini kuchunguza, ila angekwenda naye. Kule bwenini Inspekta aliueleza mpango huo kuwa ni ulinzi aliopewa na serikali. Kule getini Madam alimweleza mlinzi kuwa anamsindikiza asitoroke.

Waliteremka mjini kwa miguu, wakaipita foleni ya malori na wabadilisha fedha waliokuwa wakipeperusha noti za kwacha usoni mwa wapita njia. Duka walilolitafuta halikuwa gumu kulipata. Lilisikika kabla ya kuonekana. Mwenyewe alikuwa Mwasiti, mama wa Kitabora, mnene, mwenye sauti, na walipoingia alikuwa akimsalimia kwa Kibemba mteja wa kutoka ng'ambo, "mulishani, bamayo", kwa mdomo na kumkatalia bei kwa mkono.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema. "Mimi ni mpelelezi."

"Marahaba, baba. Mpelelezi wa sare ya shule? Na huyu ni mama yako, amekuja kulipa ulichovunja?"

Madam alisema yeye ni mwalimu. Mwasiti akapunguza sauti ya televisheni bila kuombwa, akawavutia stuli, na baada ya hapo alijibu kila alichoulizwa. Ndiyo, anayo kwaya ya wanafunzi. Ndiyo, inauzika, hata Nakonde, upande wa Zambia, wanaipenda. Akachomoa diski kutoka kwenye pakiti ya plastiki na kuitia kwenye deki.

Ilikuwa kwaya ya shule, bila shaka yoyote. Picha ilitikisika, lakini safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, alisimama Ombeni amefungua kinywa kama mlango wa ghala. Besi yake ilitingisha kioo cha kabati la Mwasiti. Madam Tulinagwe alitazama wimbo mzima, kisha akafungua mkoba wake kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Inspekta aliomba picha isimamishwe. Aliisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kioo.

"Madam, sweta."

"Nimeziona sweta."

"Ni za kijani, Madam. Tangu Januari tunavaa damu ya mzee. Na yule wa mwisho kulia ni kaka Yassir, alimaliza mwaka jana."

Madam akafunga mkoba. Mwasiti alipoulizwa diski ilitoka wapi, alisema aliletewa na dereva mmoja baada ya tamasha la Pasaka la mwaka jana pale Mlowo, lililopigwa picha na mtu aliyesimama juu ya kiti, na kwamba kama mwalimu anataka nakala kumi angempunguzia. Madam hakutaka hata moja.

Nje, Inspekta alianza kutembea kwa hatua ndefu za ushindi. Madam alimwacha afike mbele kidogo, ndipo akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba sweta za kijani zinaonyesha Ombeni hakuuza nyimbo za mwaka jana. Hazionyeshi kwamba hakuuza za mwaka huu. Hatua za Inspekta zikafupika.

Studio ya Abdulrahim ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, chenye pazia la buluu kwa ajili ya picha za pasipoti na feni isiyozunguka. Abdulrahim alikuwa mtu wa Tanga, mwenye maneno laini na kope za usingizi. Aliwakaribisha, akaomba radhi kwa joto, na maelezo yake yakatiririka kama yaliyokaririwa. Kijana alileta DVD Jumatatu. Hakusema lolote. Yeye akajua kazi imekwisha, akazifuta siku ileile, akazipigia harusi. Basi.

Inspekta hakuuliza kuhusu kijana. Aliuliza kuhusu kazi: mtu mwenye diski nyingi namna hii anajuaje ipi ni ya kufuta na ipi ni ya kutunza? Abdulrahim alifurahi kuulizwa. Za kufutwa, alisema, hutupwa kwenye lile beseni la plastiki chini ya meza. Za kutunza hupitishwa uzi kwenye tundu la katikati na kutundikwa kwenye msumari ukutani, kama samaki. Hata akilala usingizi mkono wake unajua.

"Na hizi tatu za kwaya, siku ile harusi ilipokuja, ulikuwa na haraka?"

"Haraka isiyo na mfano, mdogo wangu. Bi harusi yuko mlangoni, gari linapiga honi. Nikakata uzi pale ukutani, nikazitia kwenye begi, nikatoka mbio."

Abdulrahim alikuwa bado anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yameshauona ule msumari.

"Uzi, kaka," Inspekta alisema. "Za kufutwa hazina uzi."

Abdulrahim aliketi juu ya kiti cha wateja. Akamgeukia Madam, si Inspekta, na maneno yake safari hii hayakutiririka. Kijana alisema. Alisema kompyuta ya shule imekataa, akamwomba azitunze mpaka wasafishe nafasi. Yeye akazitundika. Harusi ilipokuja bila taarifa, beseni lilikuwa tupu, akachukua zilizokuwa karibu na kumwomba Mungu shule iwe imepata njia nyingine. Tangu siku hiyo aliogopa kudaiwa kwaya nzima.

"Kuna mtoto wa watu anafukuzwa shule leo kwa kimya chako," Madam alimwambia.

Abdulrahim aliinamisha kichwa. Akasema yuko tayari kuandika, yuko tayari kuapa, na yuko tayari kupiga kwaya upya bure. Kisha, kama mtu anayetaka kulipa kwa kile alicho nacho, akaanza kueleza habari za nafasi. DVD zile zilikuwa zimejaa mpaka ukingoni, kila moja GB nne na zaidi kidogo. Tatu zinataka kama kumi na tatu. Na watu wengi hukosea hapa, alisema: wanataka kuibana DVD iwe ndogo, iingie kwenye flashi, wakidhani inahitaji nafasi ya hiyo ndogo tu. Sivyo. Programu huivuta kwanza DVD nzima, ikaiweka pembeni ilivyo, ndipo ianze kuibana. Kwa hiyo unahitaji nafasi ya kubwa na ndogo kwa wakati mmoja.

Inspekta aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa akilijua hilo.

Waliporudi, Mwalimu Lusubilo alikuwa anawasubiri mlangoni pa chumba cha kompyuta, mikono nyuma. Alipoelezwa habari za sweta na za uzi hakutetereka. Mwizi mwerevu, alisema, huuliza njia anayoijua. Kijana alimwambia mpiga picha azitunze ili baadaye aonekane hana hatia. Sentensi iliyobaki ni ileile: nafasi haitoshi. Na sentensi hiyo ni uongo, kwa sababu themanini ukitoa ishirini na tisa hakuna mtoto wa darasa la pili asiyejua kinachobaki.

"Hesabu ya mwalimu ni sahihi," Madam alisema, akimtazama Inspekta. "Kwa hiyo?"

Umeme ulikuwepo. Inspekta alifungua mlango kwa ufunguo wake, akaiwasha kompyuta, na wote watatu wakasubiri inong'one na kukoroma mpaka iamke. Alianza kwa kusahihisha kosa dogo. Diski ya themanini, alieleza, haionyeshi themanini kwenye kompyuta. Inaonyesha sabini na nne na kidogo, kwa sababu kiwandani wanahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa elfu moja na ishirini na nne. Mwalimu Lusubilo alisema hata hivyo, sabini na nne kutoa ishirini na tisa ni arobaini na tano. Kwaya inataka kumi na tatu. Je, kumi na tatu haiingii kwenye arobaini na tano?

"Inaingia, mwalimu. Lakini mwalimu alihesabu mafolda anayoyaona. Mimi nataka kuiuliza diski yenyewe imebakiwa na nini."

Akabofya. Duara likatokea katikati ya kioo, lile ambalo sehemu iliyotumika huwa ya buluu na iliyo tupu huwa ya waridi. Lilikuwa la buluu lote, na waridi ilikuwa uzi mwembamba, kama ukingo wa kanga. Nafasi iliyobaki haikutosha hata DVD moja.

Mwalimu Lusubilo aliinama, akasoma tarakimu kwa sauti, akavua miwani, akazisoma tena.

"Ombeni alisema kweli," Madam alisema.

"Au alijaza takataka baadaye ili aseme kweli," Mwalimu Lusubilo akajibu, ingawa sauti yake ilikuwa imeshuka ngazi moja. "Hizo arobaini na tano ziko wapi? Ni za nani?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na Inspekta alilipokea kwa kukunja mikono ya shati. Sasa alikuwa na watazamaji wawili waliosoma chuo na kesi iliyokuwa inamfungukia kama ganda la karanga. Alieleza kila hatua kabla ya kuitenda. Kitu hakiwezi kula nafasi bila kuwepo. Kama hakionekani, kimefichwa. Kama kimefichwa, kompyuta ndiyo inayokificha, na kompyuta ikiamriwa hufichua. Akaiamuru ionyeshe vilivyofichwa, akashuka folda baada ya folda, akipima kila moja uzito, akiziacha nyepesi, akiifuata nzito. Mwalimu Lusubilo alivuta kiti. Hata Madam alikaribia.

Folda ya mwisho ilikuwa na mafaili kumi na mawili. Hayakuwa na majina, yalikuwa na namba tu. Moja lilikuwa karibu GB nne na nusu, jingine tatu na robo, jingine nne, jingine mbili na ushee. Ukiyajumlisha, yalikuwa arobaini na tano, zikipungua chembe.

"Tarehe," Madam alisema.

Inspekta alizisoma. Zote zilikuwa za mwezi uliopita, kabla kwaya haijasimama mbele ya kamera. Mwalimu Lusubilo alikohoa. Ombeni hakuwa na ruhusa ya kuingia chumba hiki mwezi uliopita. Hilo alilijua kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa hajampa. Akasema, polepole, kwamba pengine bodi ingepaswa kuelezwa jambo hili. Kisha akatoka kwenda kumtaarifu mkuu wa shule asianze kabla yao, na alikwenda karibu akikimbia.

Wakabaki wawili.

"Mbona hayalingani?" Madam aliuliza. "Kama mtu ananakili DVD kumi na mbili, zitapishana kidogo tu. Lakini hizi zinaonekana kama kitu kilekile kimekatwa mahali tofauti."

Inspekta alisogeza orodha kwa kipanya, saa za mafaili zikaonekana.

"Ni jioni zote," Madam aliendelea, akisoma kwa kidole juu ya kioo. "Hii jioni, hii jioni. Saa ya mgao. Mtu anaanza, umeme unakatika. Anaanza upya, unakatika. Kila akikatikiwa, kipande kinabaki humu, yeye anadhani kazi iliyoshindikana haiachi kitu. Andongwisye, ndivyo?"

Mkono wa Inspekta ulikuwa umesimama juu ya kipanya. Ulikuwa umesimama tangu neno jioni.

"Inawezekana, Madam."

"Fungua moja tumjue."

"Ushahidi unatosha, Madam. Bodi inataka kujua kama nafasi ilikuwepo. Haikuwepo. Kumtafuta mtu ni kesi nyingine, tunaweza hata kuyafuta sasa hivi, nafasi irudi, kaka Abdulrahim apige kwaya upya."

"Fungua."

Aliitazama taa ya darini. Katika muda wote wa mgao ule hapakuwa na mwanafunzi aliyewahi kuiangalia taa ya shule kwa matumaini kwamba itazimika. Taa iliwaka bila hata kupepesa. Akafungua la kwanza.

Picha ilikuwa safi. Ukumbi wa mapambo ya zambarau, mshereheshaji anapayuka, maneno ya dhahabu yanaelea kuwapongeza Goodness na mumewe, Mlowo. Maharusi wakapita. Matarumbeta yakaanza, watu wakafungua duara, na katikati ya duara akaruka kijana aliyevaa suti iliyomzidi mabega na mikono, akajipiga kifua, akashuka chini mpaka suruali ikagusa sakafu, akapanda tena akitikisika kama aliyemwagiwa siafu. Kamera ilimpenda. Ilimkaribia mpaka uso ukajaa kioo.

Madam Tulinagwe alitazama mpaka picha ikakatika katikati ya mruko. Akaashiria kwa kidevu. Inspekta akafungua la pili, na yule kijana akaruka tena. Katika la tatu aliruka pia.

"Suti ya nani hiyo?"

"Ya shemeji, Madam."

"Na ulitaka kuipeleka wapi harusi ya dada yako?"

Inspekta alisema alitaka kuibana iingie kwenye flashi. Flashi ilikuwa ya Jenista, wa bweni la wasichana, aliyekuwa amesema haamini kwamba yeye anajua kucheza. Ilihitaji GB moja tu, ndivyo alivyodhani. Kila alipofika nusu umeme ulikatika, na kila ulipokatika flashi ilibaki tupu, kwa hiyo alihesabu kuwa hakuna kilichofanyika. Mwishowe alikata tamaa, akarudisha DVD nyumbani. Hakuwahi kuficha kitu. Hakujua kama kuna kitu.

Madam alisikiliza, akasimama, akanyoosha sketi. Alisema jambo moja tu, kwamba yeye ameteuliwa kumsindikiza, si kumsemea.

Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa imejaa. Walimu watano walikuwa mezani, Mwalimu Lusubilo mwisho wa meza akikwepa macho, na Ombeni amesimama ukutani, sare imefuliwa na kupigwa pasi kana kwamba inakwenda kuzikwa. Mzee Kasiani alikuwa ameletewa kiti. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Mkuu wa shule alisema ameambiwa kuna taarifa. Inspekta Andongwisye alipiga hatua mbele, akaweka mikono nyuma.

"Mheshimiwa mwenyekiti, baada ya uchunguzi wa kina uliohusisha mashahidi wa ndani na nje ya—"

"Kwa kifupi."

Mikono yake ilitoka nyuma na kuning'inia. Alieleza sweta. Alieleza uzi, na kwamba Abdulrahim yuko tayari kuja kuapa. Alieleza duara la buluu. Alipofika hapo Ombeni aliinua uso kwa mara ya kwanza, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia. Mkuu wa shule aliandika kitu. Akauliza, bila kuacha kuandika, kama imejulikana nani aliyeijaza kompyuta.

Kalamu ya mkuu wa shule ikasimama, akainua uso.

"Nafasi ilikuwepo, mwalimu," Andongwisye alisema. "Niliijaza mimi."

Akaeleza harusi, flashi na mgao. Kwenye flashi walimu wawili walitazama dirishani kwa haraka, wakibana kicheko. Ombeni hakutazama dirishani. Alimtazama yeye. Walikuwa wakilala kitanda kimoja, mmoja juu mmoja chini, na asubuhi ile Ombeni ndiye aliyekuwa wa nne kati ya wasikilizaji wa tangazo.

Mkuu wa shule alianza kusema kwamba kosa la kutokujua si sawa na kosa la kukusudia, na kwamba kijana huyu amekuja mwenyewe. Mzee Kasiani akainua mkono kidogo, kama mtu anayeomba kupita. Alizungumza Kiswahili chake cha taratibu, chenye Kinyiha ndani yake, wala hakukuwa na hasira humo.

"Mwanangu. Ulijua lini kwamba ni wewe?"

"Leo, mzee. Kabla hatujafungua. Nilipoziona zile saa."

"Na ukasema?"

Andongwisye alimtazama Madam Tulinagwe. Alikuwa amesimama mlangoni, ametazama nje kwenye uwanja wa paredi. Asingesema. Hakuna mwingine katika chumba kile aliyejua kilichosemwa kule kwenye kompyuta.

"Hapana. Nilimwomba Madam tusifungue. Nikasema tufute."

Mzee aligeuza kofia mikononi mwake, nusu mzunguko.

"Kama mwalimu angekubali mfute, leo hii, mimi nikiwa nimekaa pale nje na tranka, ungekuja kuniambia?"

"Nisingekuja, mzee," alisema Andongwisye.